Mwaka wa Tumbili

Mei alipofika kwangu Merigi sikumtambua. Nilikuwa zizini nikikamua ng'ombe wa jioni, nikaona gari la kukodi limesimama langoni na mwanamke mfupi anashuka, nywele zimekatwa juu ya masikio, amevaa koti la mvua ingawa mvua ilikuwa imeacha. Dereva akaniambia kwamba mgeni huyu amemuulizia Mwalimu Kerubo tangu Kericho mjini, na kwamba wamezungushwa kwa walimu wengine wastaafu kabla ya kuletwa kwangu. Alipovua miwani kuifuta, nikaona macho ya baba yake. Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa miaka minne, amelala begani kwa mama yake, na sasa alikuwa na mvi nyingi kuliko mimi ninayepaka rangi. Alikuwa ametoka makaburini, kuliona kaburi la baba yake kwa mara ya kwanza tangu aweze kukumbuka. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, huko kwao Malesia. Nikamkaribisha sebuleni, nikampa chai ya maziwa, akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Tuliongea Kiingereza, maana Kiswahili alichokizungumza utotoni kuliko lugha nyingine yoyote kilimtoka zamani. Nilidhani ataniuliza jinsi baba yake alivyokufa. Aliuliza jambo jingine.

"Mwalimu, wewe uliwahi kumwona mama yangu akicheka?"

Nikamwambia nilimwona, tena mara nyingi. Hakuonekana kuniamini. Basi nikaanza kumsimulia mwaka ule, na haya ninayoyaandika hapa ni yale niliyomwambia jioni ile, pamoja na machache ambayo sikuyasema.

Ulikuwa mwaka wa sitini na nane. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi, nikapelekwa kufundisha watoto wa wachumaji wa chai katika shule moja ya mabati kwenye barabara ya Mogogosiek. Nilipewa chumba kimoja nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa ofisi. Dirisha lake lilitazama mashamba ya chai ambayo asubuhi yalikuwa hayaonekani kwa ukungu, na harufu ya majani yanayokaushwa iliingia hata kwenye blanketi. Wazungu walikaa juu kilimani, karibu na kilabu chao. Wachumaji walikaa chini kambini. Katikati, peke yake, kulikuwa na nyumba ya mawe ya Bwana Tan, fundi mkuu wa mitambo, Mchina wa Malaya, ndiyo Malesia ya leo, aliyeletwa kufunga mashine mpya kiwandani. Wa juu hawakumwalika na wa chini walimwogopa kidogo, kwa hiyo mlango wake ulikuwa haugongwi na mtu isipokuwa mama mzee wa maziwa. Siku moja alikuja shuleni kwa miguu, amevua kofia, akamuuliza mwalimu mkuu kama kuna mwalimu wa kike anayeweza kumfundisha mke wake Kiswahili baada ya masomo. Wengine wote walikuwa na watoto wa kurudia nyumbani. Nikaenda mimi.

Sebule ile naiona mpaka leo. Meza ya mviringo, viti vya mianzi walivyotoka navyo kwao, redio iliyofunikwa kitambaa, na juu ya rafu picha mbili za wazee, baba na mama yake Bwana Tan, mbele yao kikombe kidogo cha chai na chungwa. Jikoni kulinuka tangawizi na vitunguu vinavyokaangwa kwa moto mkali. Watu wa huku walimwita mke wake Mama Mei, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mwalimu, ingawa alinizidi miaka kadhaa. Siku ya kwanza nilikuwa nimejitayarisha kumfundisha kusalimia. Akanisimamisha. Alitaka kwanza ajue kusema, "Ulizaliwa mwaka gani?" Nikamfundisha. Akanitazama, akaniuliza hilo hilo, nikamjibu, akahesabu kwa vidole, uso ukamchangamka. Akasema mimi ni Panya. Mimi nilikasirika kimoyomoyo, maana panya kwetu ni mwizi wa mahindi, lakini akanieleza, nusu Kiingereza nusu kwa mikono, kwamba panya ndiye wa kwanza kati ya wanyama wote wa miaka. Hapo zamani Mfalme wa Mbinguni aliwaita wanyama wavuke mto, akisema watakaofika mapema atawapa kila mmoja mwaka wake. Panya alipanda mgongoni kwa ng'ombe, na walipokaribia ng'ambo akaruka, akatangulia. Ng'ombe wa pili, chui mwenye milia wa tatu, sungura wa nne, halafu joka, nyoka, farasi, mbuzi, tumbili, jogoo, mbwa, na nguruwe aliyesimama njiani kula akafika wa mwisho. Mtu anazaliwa na mnyama wa mwaka wake, na mnyama huyo hamwachi mpaka kufa. Alipokuwa anaiga nguruwe akila njiani alicheka mpaka akashika meza. Huo ndio mcheko wa kwanza niliomsimulia Mei.

Mwaka wao mpya uliingia muda mfupi baada ya shule kufunguliwa. Nilifika asubuhi, nikakuta unga umemwagika jikoni, nikachukua ufagio kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Mama Mei alinipokonya kwa haraka. Siku hiyo hawafagii, aliniambia, maana unaweza kufagia bahati ya mwaka mzima ukaitupa nje. Tulikula mchana ule. Kulikuwa na samaki mzima kutoka Kisumu, ambaye hatukuruhusiwa kummaliza, ili chakula kibaki mpaka mwaka unaofuata. Kulikuwa na tambi ndefu zisizokatwa, na maandazi madogo ya kuchemsha yaliyojazwa nyama ya nguruwe. Mimi ni wa Sabato, na nguruwe sili. Sikuwa nimemwambia mtu. Labda aliona siku nyingine nilivyosukuma sahani. Alikuwa amenitengenezea yangu ya mayai na kabichi, akayafinya pembeni kwa namna nyingine ili yasichanganyike. Mei, aliyekuwa amevaa nguo nyekundu, alikuwa na kazi ya kunionyesha yaliyo yangu, na alinionyesha moja moja, akisema, "Hii ya Mwalimu. Na hii ya Mwalimu." Nimekula karamu nyingi tangu wakati ule, za harusi na za kustaafu, na sijawahi tena kuhisi nimefikiriwa kiasi hicho.

Nilimuuliza Bwana Tan mezani hesabu ile ilianzia wapi. Hakuwa msemaji, lakini swali la hesabu lilimfungua. Akasema kwamba hadithi ya mto ni ya watoto, na kwamba wazee wa zamani sana katika nchi ya babu zake walikuwa wakitazama nyota. Kuna sayari moja kubwa, alisema, inayochukua karibu miaka kumi na miwili kulizunguka anga, nao wakaligawa anga mafungu kumi na mawili kufuata safari hiyo. Wanyama waliongezwa baadaye ili watu wasiojua kusoma wakumbuke. Tena kulikuwa na hesabu nyingine ya kumi, ya miti, moto, udongo, chuma na maji, kila kimoja mara mbili. Nilipoonekana sielewi, alienda stoo akarudi na magurudumu mawili ya meno, moja la meno kumi, jingine la kumi na mawili, akayatia alama ya chaki mahali yanapokutana. Akazungusha polepole. Alama zikaachana, zikawa zinapishana, na tulihesabu kwa sauti mimi na Mei mpaka tukachoka. Zilikutana tena baada ya meno sitini. "Ndiyo sababu mtu akifika sitini kwetu tunafanya sherehe kubwa," alisema. "Mwaka wake umerudi mzima." Yeye alikuwa na thelathini na sita. Mwaka ule ulikuwa wa Tumbili, na yeye alizaliwa mwaka wa Tumbili.

Mimi nilidhani kurudi kwa mwaka wako ni jambo zuri, kama siku ya kuzaliwa. Mama Mei alinisahihisha. Mwaka wako ukikurudia, wewe na mungu wa mwaka mnagongana, na bahati inakuwa nyepesi. Mtu huvaa nyekundu kujikinga. Alimsokotea mumewe uzi mwekundu akamfunga kiunoni chini ya shati, naye akaukubali, akisema kwamba mke wake akitulia hata mashine zinatulia. Kiwandani vijana waliuona siku alipoinama chini ya rola ya kusaga majani, wakacheka pembeni. Yeye hakujali. Mama Mei ndiye aliyejali kila kitu mwaka ule. Alimpikia supu za mizizi, alisimama mlangoni mpaka gari lipotee kwenye kona, na akisikia mashine zimenyamaza ghafla alinyamaza naye katikati ya sentensi mpaka zianze tena. Nilichukulia ni mapenzi, na nilitamani siku moja niolewe na mtu nitakayemhofia hivyo.

Mama wa maziwa aliitwa Taprandich, nasi tulimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis. Alikuwa akileta maziwa kwenye kibuyu, na akikaribishwa ndani alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akiikataa chai yao isiyo na maziwa kwa huruma, kana kwamba ni ugonjwa ndani ya nyumba. Mama Mei alipopata Kiswahili kidogo, alimuuliza swali lake. Kogo alishangaa.

"Mimi hapana jua mwaka," alisema. "Mama yangu alisema nilizaliwa ng'ombe wakiwa wanakufa. Basi."

Mama Mei hakumwachia. Akamuuliza, sasa mtu akitaka kuoa, watajuaje kama wanapatana. Kogo akamweleza kwamba wao wanahesabu marika. Mzee wake alikuwa Kimnyige, vijana wa sasa ni Sawe, na baada ya Sawe yatafuata mengine mpaka majina yote yaishe, halafu yanaanza tena pale pale. Mama Mei aliacha kukata vitunguu. Akachora duara kwenye unga uliokuwa mezani, akaonyesha kwa kidole likizunguka, na Kogo akaitikia kwa kichwa. Walikuwa na furaha wote wawili, kama watu waliogundua wana ndugu mmoja. Kisha Mama Mei akauliza kama kuna rika baya, ambalo binti zake watu hawataki kuwaoa. Kogo alifikiri. Akasema ubaya ni mwanaume kuoa binti wa rika lake mwenyewe, kwa kuwa huyo ni kama mtoto wake, lakini msichana hana ubaya wa kuzaliwa nao. Mama Mei alinigeukia, akaniuliza kama amesikia vizuri. Nikamrudia maneno yale polepole kwa Kiingereza. Akasema Kogo ni mtu wa bahati, akarudi kwenye vitunguu vyake, na kwa muda mrefu hakutaka somo. Siku hiyo pia ndiyo niliyomuuliza mnyama wake yeye ni nani. "Sungura," alisema, bila kuhesabu kwa vidole.

Masika yale yalikuwa mazito. Bwana Tan alikuwa na udhaifu mmoja, kwamba hawezi kusikia injini inakohoa akapita. Mzee mmoja wa Soin, chini kule kwenye joto na miwa, alikuwa na kinu cha kukamua miwa ya sukari guru kilichomshinda kila fundi, na alimwomba Bwana Tan akitazame. Akaenda Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Alikitengeneza, watu wa Soin walitueleza baadaye jinsi kilivyonguruma na jinsi yeye alivyosimama hapo akitabasamu, akitafuna muwa. Wakati wa kupanda kurudi mvua ilianza, na kwenye kona moja ya udongo mwekundu Land Rover iliteleza ikapinduka bondeni. Habari ililetwa na karani wa kiwanda. Nilikuwa pale sebuleni. Tulikuwa tunasoma majina ya viungo vya mwili. Mama Mei alisikiliza mpaka mwisho, akamuuliza karani kwa Kiswahili swali moja tu, kama kiunoni alikuwa na uzi. Karani hakuelewa. Mimi ndiye niliyeandamana naye hospitalini, na uzi ulikuwepo.

Alizikwa Kericho mjini. Wazungu wa juu walikuja wakasimama mstari wa nyuma, na wachumaji walikuja wengi kuliko nilivyotazamia. Kogo alikuja kila siku baada ya hapo, akakaa ngazini na mursik yake, maziwa ya kugandisha kibuyuni. Mei alikuwa akimuuliza kila mtu baba atarudi lini, na kwa kuwa mama yake hakuwa anajibu, tulimjibu sisi.

Ulifika wakati wa kufunga mizigo. Kampuni ilihitaji nyumba kwa fundi mwingine, na kaka yake Mama Mei alikuwa ameandika kutoka Malaya kwamba arudi. Tulikuwa jikoni mchana, tunafunga vyombo kwa magazeti ya zamani. Mama Mei aliweka chini bakuli alilolishika.

"Mwalimu, mimi si Sungura."

Nilidhani ni majonzi. Akaendelea, kwa Kiswahili changu nilichomfundisha, na kilipomwishia akaingiza Kiingereza. Alizaliwa mwaka wa Chui, yule wa milia. Msichana wa Chui kwao haolewi kwa urahisi, maana wanasema atamla mume wake. Hata akiwa mtu mzima haruhusiwi kuingia chumbani kwa bibi harusi, wala kukaribia nyumba yenye mtoto mchanga, asije akawaletea balaa. Nyanya yake, kwa kumpenda, alimsogeza mbele mwaka mmoja akiwa bado mdogo, na familia nzima ikakubali kusema Sungura. Mshenga alipokuja na tarehe za Bwana Tan, hesabu ilipigwa kwa mwaka wa uongo, na ikatoka vizuri sana. Ingepigwa kwa mwaka wa kweli ingekataa, kwa sababu Chui na Tumbili wanakaa ng'ambo na ng'ambo za duara, uso kwa uso, na hawapatani kamwe.

"Hakujua?" nilimuuliza.

"Hakujua. Miaka yote nilingoja mwaka wake upite. Nikasema, ukipita huu, nitamwambia, tutacheka."

Nilimwambia yale ambayo mtu yeyote wa huku angesema. Kona ile inajulikana. Malori yalikuwa yameanguka pale kabla yake. Udongo ule ukinyeshewa unakuwa sabuni.

"Magari mangapi yalipita pale siku ile, Mwalimu?" alisema. "Matope yalikuwa ya wote."

Akanishika mkono, akaniomba Mei asijue kamwe. Binti wa Chui naye huchunguzwa. Mtoto akue akijua mama yake ni Sungura, apate nyumba nzuri. Nikamuahidi. Siku ya kuondoka Mei alikuwa amelala begani kwake, na Mama Mei aliniaga kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja. Tuliandikiana kwa miaka michache, barua za hali ya hewa na afya, kisha nikaolewa, nikahamishwa shule, zikakatika. Nilifundisha mpaka nikastaafu. Mara nyingi nilipowaona wasichana wangu wakiambiwa kwamba nyota zao ni mbaya, au ukoo wao, au miguu yao, niliwatetea kwa ukali uliowashangaza walimu wenzangu, huku nikijua ninamtetea nani.

Ahadi niliyompa ilikuwa kwamba Mei asijue kamwe. Jioni ile sebuleni kwangu niliipima upya. Mama Mei alikuwa amekufa, na mtoto aliyekuwa anakingwa alikuwa mbele yangu akiwa na miaka sitini, anauliza kama mama yake aliwahi kucheka. Nikamwambia. Nilimwambia yote, Chui na Sungura na duara na matope ya wote.

Mei hakulia. Aliweka kikombe mezani kwa uangalifu mwingi. Akaniambia kwamba siku ya harusi yake, mama yake alikataa kuingia chumba alimokuwa anavalishwa. Alisimama nje, barabarani, kwa nguo zake mpya, na shangazi ndiye aliyemfunika shela. Mei alijua sababu, au alidhani anaijua: mume wake alikuwa maskini na mama hakumtaka. Alitoka akamwambia mbele ya wageni kwamba kama anaona haya, basi asije tena. Na kwa muda mrefu hakuja. Hata watoto walipozaliwa, wote wawili, hakuingia ndani mpaka mwezi wa kwanza uishe. Mei alikuwa akihesabu hayo kama matusi, moja juu ya jingine, na ndiyo maana miaka mingi walizungumza kama majirani.

"Alikuwa akileta chakula," alisema. "Supu ya mzazi, ya tangawizi. Alikuwa anaiweka langoni, anabonyeza kengele, anaondoka. Nikitoka naona mgongo wake tu."

Nilimuuliza alikuwa anaishi mbali kiasi gani.

"Mabasi mawili, na mwendo wa miguu." Akatazama mikono yake. Nje ng'ombe alikuwa analia, nilikuwa nimemwacha katikati ya kukamuliwa. "Na nilipoifunua ilikuwa moto," Mei alisema. "Kila siku ilikuwa bado moto, na mimi sikuwahi kujiuliza aliifunga kwa kitu gani."